Zile gemu za kibandani Chikongola, nani alizitunga?

Mtoto wa Chikongola:
Wakuu, habari za jioni. Mnaojua mnisaidie, na wa kucheka wacheke.

Mwaka 2003 hapa Mtwara, jirani na soko la Chikongola, palikuwa na kibanda cha mabati chenye TV mbili za chogo. Shilingi 50, unacheza mpaka ufe, unampisha mwenzako. Hela yangu ilitoka mikoroshoni. Msimu ukifika naokota korosho zilizodondoka, napeleka kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho wa magendo, mwenye kibaba chake kisichojaa (sasa ndo najua nilivyokuwa napigwa), nikitoka hapo mbio kibandani.

Kaseti ilikuwa ya njano, juu imeandikwa ina gemu 9999. Siku moja ya mvua nikazihesabu, nikapata 17. Zingine zote zilezile, Mario kaanzia mawinguni, Mario kaanzia majini. Na popote hapakuwa na jina la mtu. Sisi tuliamini kazitunga yule kaka mwenye kibanda, maana ndiye pekee aliyejua kuipuliza kaseti ikawaka.

Sasa ile Kontra, Mario na ile ya vifaru ni za nani hasa?

Fundi Redio, Lindi:
Njomba, kaseti hizo nimezifungua nyingi. Ndani unakuta kibao kidogo cha saketi na tone jeusi limekauka kama lami, basi. Zilinakiliwa bila ruhusa, na hao wanakili wengi walikuwa wanafuta jina la kampuni pale kwenye skrini ya kwanza, ndiyo maana hukuliona.

Kontra ni ya Konami ya Japani, 1987. Kampuni ilianza Osaka mwaka 1969, kazi yake kukodisha na kukarabati masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Mafundi wenzangu hao! Ile ya vifaru ni Battle City ya Namco, 1985. Na Namco ilianza mwaka 1955 na farasi wawili wa mtambo juu ya paa la duka kule Yokohama, watoto wanapanda kwa hela. Nintendo ndo wakongwe, tangu 1889 wanatengeneza karata Kyoto, hiyo gemu yako ya Mario, Super Mario Bros., wakaitoa 1985. Kwa hiyo kaka yako wa kibanda na hao wazee biashara ilikuwa moja, kukamata sarafu ya mtoto.

Halafu siku ukimpata Mario tena, angalia mawingu na vichaka. Ni mchoro uleule, wamebadili rangi tu. Gemu nzima ilitakiwa ienee kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaishinda.

Mwalimu, Masasi:
Fundi kaanzia katikati. Kabla ya Wajapani hao kuvuma kwenye gemu kulikuwa na kampuni ya Atari ya Marekani, 1972, ya Nolan Bushnell na Ted Dabney. Mashine ya kwanza ya Pong, gemu yao ya kupigiana mpira, waliiweka kwenye baa moja ya Sunnyvale, California. Baada ya muda wakaitwa, mashine imegoma. Allan Alcorn aliyeiunda akaenda, akafungua: sarafu zimejaa hadi zinamwagika.

Ila swali la muuliza ni jina, na hapo wanakili si wa kwanza kulaumiwa. Atari wenyewe walikuwa hawaandiki jina la mtunzi. Mtunzi wao Warren Robinett alipotunga gemu ya Adventure akaficha humo chumba cha siri. Ukiokota kitone kimoja cha kijivu, kisichoonekana kirahisi, ukakibeba hadi kwenye ukuta fulani, unapita na kukuta jina lake limeandikwa. Mabosi hawakujua hadi mchezaji mmoja alipowaandikia barua. Wenzake wanne, David Crane akiwemo, waliondoka, na mwaka 1979 ikazaliwa kampuni yao, Activision. Crane alipotoa gemu ya Pitfall! mwaka 1982, jina lake likawekwa waziwazi.

Binti Mikindani:
Na wanawake je? Roberta Williams alitunga gemu ya Mystery House mwaka 1980, mumewe Ken akaandika programu, wakauza kwenye vifuko vya plastiki kama korosho zetu za kukaanga pale stendi. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Sierra. Mimi kibandani niliambiwa padi si ya wasichana, hadi siku niliyobonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A nikapata roho 30 za Kontra. Kimya kikatanda.

Ujanja huo aliuweka Kazuhisa Hashimoto wa Konami kwenye gemu yao nyingine, Gradius, 1986, kwa sababu gemu ilimshinda mwenyewe wakati wa kuijaribu. Akasahau kuutoa.

Mtoto wa Chikongola:
Kumbe! Yaani miaka yote hiyo nahangaika na roho tatu, na umeme ukikatika kwa yule bosi wa mwisho naanza upya kwa shilingi 50 nyingine.

Asanteni sana. Nimejaribu hiyo juu juu chini chini kwenye simu ya mwanangu sasa hivi. Ananiuliza, "Baba, unapapasa nini?"