Naomba ushauri: skrini nyeusi au nyeupe kwa kazi ya stationery?

Wakuu, salaam. Kompyuta mbili za stationery Kariakoo, mlango unatazama barabara, kuchapa ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku. Mwonekano upi hauchoshi macho?

Ninavyofahamu, mchana maandishi meusi kwenye weupe husomeka vizuri zaidi: mwanga ukiwa mwingi mboni husinyaa, herufi zikatulia. Skrini nyeusi mbele ya jua inageuka kioo cha kujitazamia tu. Mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho inayotia ukungu kwenye vitu) ndiye anayeteseka zaidi, kwani herufi nyeupe kwenye giza kwake huota ukungu. Usiku taa zikiwa hafifu, nyeusi ina nafuu, ila iwe kijivu kizito kama #121212 (namba ya rangi kwenye kompyuta), si nyeusi tii. Kuokoa umeme tusahau. Hizi ni LCD, yaani skrini zenye taa nyuma yake, na taa hiyo inawaka vilevile hata picha ikiwa nyeusi.

Mwangaza napima kwa karatasi nyeupe kando ya skrini: skrini iking'aa kuliko karatasi, nashusha. Tatizo, skrini moja ikishushwa mwangaza sana, mwanga wake unachezacheza.

Nani anajua programu ya kubadili mwonekano yenyewe saa 12:30 jioni, isiyolemea RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4? Na hiyo skrini inayochezacheza, niiache mwangaza juu nipunguze kontrasti (tofauti ya weusi na weupe), au nibadilishe tu?