Mita 6 kwa 8 Kigamboni: embe, korosho, parachichi au papai?

mtaa_wa_pili: Wakuu, salaam. Nimehamia Kibada, nyumba imekula kiwanja, nyuma kumebaki mita 6 kwa 8. Udongo mchanga mtupu, maji ya kisima, yana kachumvi. Ukipika chai unakasikia. Nataka kivuli na matunda. Mke anataka parachichi la Hass. Mama mkwe, mtu wa Masasi, kasema panda mkorosho. Mimi roho iko kwenye embe. Nisaidieni.

Njombe_Baridi: Hass sahau, mkuu. Huku kwetu na kule Rungwe linakubali kwa sababu ya ubaridi. Halafu parachichi na chumvi haviivi chungu kimoja: ncha za majani zinakauka, zinakuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Na asije mtu akakuingiza kwenye makadamia, nayo ni ya nyanda za juu. Pole kwa shemeji.

mwana_wa_mabibo: Mimi ni wa Newala, sina chuki na korosho. Mchanga na ukame haviusumbui mti huo. Lakini shambani tunaupa mita 12 kwa 12, wewe unazo 6! Utamlia jirani kiwanja. Kisha ukitoa maua unakuja ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, na dawa yake ya siku zote ni salfa. Utaipuliza dirishani kwa watoto? Na usijaribu kubangua jikoni, ganda lina mafuta yanayobabua. Nikiwa mdogo niliwahi kung'ata korosho mbichi na ganda lake, nikashinda siku kadhaa midomo imevimba, nanywea uji pembeni ya mdomo. Mabibo ndiyo matamu, hapo tu namuunga mkono mama.

Dada_Miche: Embe, ila mche wa kubebesha, yaani ulioungwa kikonyo cha mwembe mzuri juu ya shina la mwingine. Kagua shina: juu kidogo ya udongo pawe na kovu la kiungio. Likiwa limenyooka bila kovu, huo ni wa mbegu, utasubiri miaka 6 au zaidi, wakati wa kubebesha mwaka wa 3 unaonja. Mimi niliuziwa mche wa embe aina ya "Apple" barabarani. Ulipokuja kuzaa ni nyuzi tupu, meno yakashinda na kijiti. Machipukizi ya chini ya kovu yang'oe yote. Mche ukifika mita 1 kata kichwa, utoe matawi. Na maembe yaliyodondoka okota kila siku, yafunge kwenye mfuko uanike juani, la sivyo nzi wa matunda watakutangulia kula.

Njombe_Baridi: Dada, embe nayo haipendi chumvi. Akinge maji ya mvua.

mtaa_wa_pili: Na papai?

Babu_Bustani: Papai ni la haraka, mwanangu, kabla ya mwaka unakula. Tia mbegu 3 kila shimo, using'oe mpaka zitoe maua. Dume maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Jike ua limebana shinani. Bakisha majike na dume 1. Maji yasituame, mizizi huoza upesi. Mwembe ukae katikati, mapapai pembeni. Mwembe ukishatanuka, yaondoe.

mtaa_wa_pili: Shikamoo babu, asante. Mama mkwe kakubali embe, kwa sharti iwe Dodo. Mke bado kanuna. Kuna mwenye tangi la lita 1,000 la kuuza, maeneo ya Kigamboni?