MJADALA: Ukikutwa na jeni ya saratani ya tumbo, una haki ya kuwaficha ndugu zako?

Wakuu, naanzisha mada nikiwa na msimamo tayari: hapana, huna haki hiyo. Najua wengi wanasema majibu ya kipimo ni ya mgonjwa na daktari wake tu. Kwa malaria sawa. Kwa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, ndugu wa tumbo moja wameshaingia kwenye hayo majibu, wapende wasipende.

Baba yangu mkubwa alikufa ana miaka 44. Shangazi akafuata miaka minne baadaye. Wote walianza na kiungulia na kushiba haraka. Namkumbuka shangazi akimega matonge mawili ya ugali, kisha anaisogeza sahani kwa watoto, "maliziani". Tukamnunulia dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima. Msibani nikasikia mtu nyuma ya turubai akinong'ona kwamba ukoo wetu umechezewa. Mpaka leo kuna mke wa baba mdogo ambaye mikono yake haiguswi na chakula chake hakiliwi, kwa ajili ya mnong'ono ule.

Niweke sawa jambo moja: saratani nyingi za tumbo si za kurithi. Nyingi zinatokana na bakteria wa H. pylori, ambao wanapimika na kutibika kwa dawa. Sisi hatujui yetu ni ipi, kwa sababu hakuna aliyepimwa.

Sasa tazameni familia moja ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, katika mji wa Tauranga. Walizika ndugu zaidi ya 25 katika miaka kama 30, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Kwao pia wapo waliosema ni laana. Lakini wenyewe wakawafuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, wakatoa damu na wakaeleza nasaba yao, nani alizaa nani na nani alikufa na nini. Mwaka 1998 timu ya Parry Guilford ikatangaza imeikuta hitilafu kwenye CDH1, jeni inayotengeneza protini ya kuzishikanisha seli. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike kwa wa kiume. Wanawake wanaongezewa na hatari ya saratani ya matiti. Je, kila mmoja wao angekumbatia siri yake, nani angeyajua haya?

Kuna hoja nzito upande wa pili na siikwepi: ukishajua, ufanye nini? Saratani hii hutambaa chini ya utando wa tumbo bila uvimbe, hata kamera ya kuchungulia tumboni huweza kuikosa. Ndiyo maana wenye hitilafu hii hushauriwa kuondolewa tumbo lote la chakula wakiwa bado wazima, kisha wale kidogo kidogo na kuchomwa sindano za vitamini B12 maisha yote. Ni mzigo, na kwetu hapa kipimo chenyewe ni ghali. Mtu akikataa upasuaji namheshimu. Ila kukataa ni lazima kwanza awe ameambiwa.

Ufaransa wana sheria ya mwaka 2011 inayonivutia. Ukikutwa na tatizo la kurithi linaloweza kuzuilika au kutibiwa, unawajibika kuwajulisha ndugu walio hatarini. Kama huwezi kuwatazama usoni, daktari anawaandikia barua kwamba kuna jambo la kiafya la kifamilia waende kumwona daktari wa mambo ya kurithi, bila kutaja jina lako wala hitilafu yenyewe. Kwangu hiyo inatosha, siri yako inabaki na binamu yako anaokoka.

Panaponishinda ni kwa binti anayetafuta mchumba. Kwetu habari ya "ukoo wenye ugonjwa" inaweza kuvunja posa, na mahari ikarudishwa. Mliowahi kukaa kwenye vikao vya posa, huyu binti tumwambie lini, na aseme nani, baba au shangazi?