Re: Taarifa za sensa kwenye programu ya ukoo, ripoti isomeke na wazee nyumbani

Kutoka: Mpwa wa Mikindani, Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nimepata fomu ya sensa ya Uingereza ya 1921 inayomtaja kaka yake babu, baharia wa Mikindani, akiwa amepanga Cardiff. Nimeiingiza kwenye programu ya ukoo, pamoja na orodha ya kaya yetu ya Newala ambayo mjomba aliinakili kwa mkono kutoka daftari la kijiji. Shida ni ripoti. Nikichapa, kila mtu wa kaya anabeba aya ileile nzima, ukurasa baada ya ukurasa, tena kwa Kiingereza cha mkatokato. Bibi anataka asomewe Idi, ukoo wote ukiwa umekaa. Nifanyeje?

Kutoka: Mama wa Lindi, Toronto

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kumpata huyo baharia. Fomu za sensa ya 1931 za England na Wales ziliteketea kwa moto mwaka 1942, sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na za 1951 zitakaa kabatini mpaka 2052, kwa kuwa kule husubiriwa miaka 100. Ipo rejista ya watu ya Septemba 29, 1939, nayo itafute, ingawa yenyewe si sensa. Basi karatasi uliyonayo, iliyofunguliwa Januari 2022, ndiyo sensa ya mwisho ya kule utakayoisoma kwa majina kwa miaka mingi ijayo. Inastahili kuandikwa vizuri.

Ripoti inarudia kwa sababu kwenye programu umempa kila mtu tukio lake la sensa. Sensa ni tukio moja la kaya nzima. Litengeneze mara moja, lipe tarehe (Juni 19, 1921) na mahali, kisha waunganishe wote waliokuwemo, kila mmoja kwa nafasi yake: mkuu wa kaya, mke, mtoto, mpangaji. Programu ya Gramps, ambayo ni ya bure, inakubali tukio moja kushirikiwa na watu wengi. RootsMagic, Legacy na Family Historian nazo zina njia zao za kufanya hivyo. Ukishaunganisha, chapa ripoti ya mtu mmoja kwanza uangalie, maana ripoti nyingine humchukua mhusika mkuu tu na kuwaacha waliounganishwa, na mara nyingi hilo hurekebishwa kwenye machaguo ya ripoti.

Sasa, maneno yote ya fomu usiyamwage kwenye sehemu ya maelezo ya tukio. Hapo ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Nakala kamili, mstari kwa mstari kama ilivyoandikwa, hata jina likiwa limepotoshwa, iweke kwenye chanzo, pamoja na picha ya fomu. Chanzo kitatokea mwisho wa ripoti kama tanbihi, na mwenye kutaka kuhakiki ataifuata huko. Kwenye tukio lenyewe andika sentensi moja au mbili, zile ambazo ungemwambia Bibi kwa mdomo.

Nikupe mfano. Ripoti yako ya sasa nadhani inasoma hivi: "Sensa, 19 Juni 1921, Cardiff, Glamorgan, Wales. Mpangaji. Miaka 31 miezi 4. Hajaoa. Baharia. Mzaliwa wa Afrika Mashariki." Bibi hataelewa ni habari ya nani. Andika hivi: "Usiku wa sensa ya Juni 1921 alikuwa Cardiff, bandari ya makaa ya mawe huko Wales, amepanga chumba pamoja na mabaharia wengine. Alikuwa na miaka 31, hajaoa, na kazi yake ilikuwa baharini." Taarifa ni zilezile, ila hii ya pili inasomeka kwa sauti mbele ya watu.

Kazi yake itoe pia uiweke peke yake kama taarifa ya kazi, ukiiegemeza kwenye chanzo kilekile. Fomu ya 1921 iliuliza hadi jina la mwajiri, kwa hiyo kama kampuni ya meli imetajwa, una uzi wa kuvuta mbele zaidi. Mahali pa kuzaliwa usifute walichokuambia wazee kwa sababu karatasi inasema tofauti. Weka yote mawili, kila moja na chanzo chake, kisha chagua lipi litangulie kuchapwa.

Kuhusu Kiingereza: programu kadhaa zinakuruhusu kubadilisha sentensi ya kiolezo, yaani ile ambayo programu huijaza yenyewe majina na tarehe. Kiswahili kinakurahisishia hapo, maana "alihesabiwa katika kaya ya fulani" inamfaa mume na mke, huhitaji violezo viwili. Programu yako ikikataa, sentensi uliyoandika mwenyewe kwenye maelezo ndiyo itakayokuokoa.

Kutoka: Kaka wa Nachingwea, Aarhus

Naunga mkono aliyosema dada. Niongeze kwa upande wa nyumbani, kwa sababu huko ndiko mambo yanakogongana na programu hizi.

Kwetu Tanzania hutapata fomu ya sensa yenye majina. Tumehesabiwa 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, lakini kinachotolewa ni jumla za mkoa, wilaya na kata, na taarifa za mtu binafsi ni siri kwa sheria. Kwa hiyo daftari la kijiji alilonakili mjomba ni mali kubwa. Usiliite sensa. Liweke kama taarifa ya makazi, na kwenye chanzo andika daftari ni la kijiji gani, la mwaka gani, nani alinakili na lini. Kama ukoo una upande wa Kikristo, vitabu vya ubatizo navyo vinafaa sana: misheni ya Masasi ilianza 1876.

Jambo la pili ni wapwa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama, na watoto wengi wamelelewa kwa mjomba. Daftari linamtaja mkuu wa kaya halafu watoto chini yake. Ukiwaingiza wote kama watoto wake wa kuzaa, umeuvunja ukoo, na ripoti itamtangaza mpwa kuwa mtoto mbele ya mama yake mzazi. Nafasi yake katika kaya iandike "mpwa", na wazazi wake waunganishe mahali pao. Muulize Bibi jina kwa jina kabla hujabonyeza kitufe. Muulize na majina ya jando na unyago, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutokea kwa jina la utotoni mahali pamoja na kwa jina la ukubwani mahali pengine. Yaweke kama majina mawili ya mtu mmoja.

Tatu, mahali. Nachingwea yetu ilikuwa Jimbo la Kusini enzi za mkoloni, baadaye ikawa Mkoa wa Mtwara, na tangu 1971 iko Mkoa wa Lindi. Gramps inakuruhusu kuweka mahali pamoja na tarehe za kila mkoa uliopamiliki, na hivyo tukio la 1965 likachapwa chini ya mkoa wa wakati huo. Halafu kuna vijiji vya ujamaa. Kati ya sensa ya 1967 na ya 1978 watu wengi wa kusini walihamishwa. Kijiji cha zamani kipe jina lake na kipya chake, hata kama vimeachana kwa mwendo wa saa moja, kwa sababu makaburi ya wazee yako kule kwa zamani na watoto wanatakiwa kujua pa kwenda.

Kutoka: Mpwa wa Mikindani, Leicester

Asanteni sana, mama na kaka. Nimeanza na kaya ya Newala na ripoti imeshakuwa fupi. Swali moja: binamu yangu Mtwara anatumia programu nyingine. Nikimpelekea faili la GEDCOM, lile la kuhamisha data za ukoo kutoka programu moja hadi nyingine, haya matukio ya pamoja yatafika salama?

Kutoka: Mama wa Lindi, Toronto

Usitegemee, mwanangu. GEDCOM ya 5.5.1, ambayo programu nyingi bado zinaitumia, haina utaratibu rasmi wa tukio la kushirikiana watu. Upande wa pili linaweza kurudufiwa kwa kila mtu au likabaki kwa mkuu wa kaya peke yake. Mpelekee faili la GEDCOM pamoja na ripoti yenyewe kwa PDF, ili ajue ilivyotakiwa kusomeka. Kabla ya kutuma weka chaguo la kuficha walio hai, faili za namna hii huzunguka kwenye simu mpaka kwa watu usiowajua. Nakala ya Bibi itoe kwa maandishi makubwa, na binamu aichapishe karatasi huko Mtwara mjini wiki moja kabla ya Idi, mjomba apate nafasi ya kuipitia na kalamu mkononi.