Toyota 86 kwenye mvua, mnaiendeshaje?

Wakuu habari, nimechukua 86 ya 2013, manyuo (gia za mkono). Mvua hizi za masika nikikata kona Mwenge nikagusa mafuta kidogo tu nyuma inateleza, taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari isiteleze) inawakawaka. Tatizo tairi au mguu wangu?

Jibu 1: Mkuu hiyo inasukumwa na tairi za nyuma, lazima uwe na mguu mwepesi. Tumia gia kubwa kidogo, mafuta taratibu, na kushusha gia katikati ya kona usithubutu. Breki maliza kabla hujaingia kona. VSC usizime kabisa, tafadhali!

Jibu 2: Anza na tairi ndugu yangu. Mifereji ikishuka chini ya milimita 3 haitoi maji vizuri, gari inaelea, utasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla. Hapo achia mafuta polepole, usukani unyooke, breki usikanyage kwa nguvu.

Jibu 3: Na zile dakika za mwanzo mvua ikianza ndo mbaya zaidi, oili na vumbi vinapanda juu ya lami. Nyuma ikichomoka angalia unakotaka kwenda, usukani ufuate huko.

Muuliza: Asanteni sana, nimechungulia za nyuma zimebaki kipara kabisa, kesho nabadilisha zote mbili.