Gita limeanza kulia zzz tangu nihamie Dodoma, naombeni ushauri niliseti mwenyewe

SoloMakole
Wakuu, habari za jioni. Uzi wangu unahusu nyuzi, msinicheke.

Nina gita la umeme, nakala ya Stratocaster iliyotengenezwa Asia. Nililinunua mtumba Tanga miaka minne iliyopita. Kule lilikuwa tamu, vidole vinateleza tu. Mwezi wa tano nikahamishiwa Dodoma kikazi, na hapa napiga solo kwenye kwaya. Kufika mwezi wa saba mambo yakageuka. Nikibana freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza hadi ya nne, uzi wa sita na wa tano, zile nene, unalia zzz kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikapandisha vile vyuma vidogo vya briji, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gita, kila uzi na chake. Nikapandisha tena. Sasa nyuzi zimekuwa juu mpaka vidole vinauma, kuanzia freti ya 12 sauti inapanda kuliko tyuni, na ile zzz ipo palepale.

Kuna fundi nilimpelekea. Akatoa tupa, akachonga nati, ile nyeupe ya plastiki inayobeba nyuzi kabla hazijafika kichwani. Nimerudi nyumbani, uzi wa kwanza nao ukipigwa wazi unalia zzz. Yaani nimelipa hela nikauziwa tatizo la pili. Ndiyo maana nataka nijifunze mwenyewe.

Pale kwenye kichwa kuna kishimo, ndani kuna tundu la alenki. Rafiki yangu anasema nikaze mpaka iwe ngumu. Nikaze?

Natanguliza shukrani.

KichwaNgumu
USIKAZE. Jina langu unaliona, nililipata kwa kazi kama hiyo. Nilikaza mpaka nikasikia "tak". Lile gita sasa ni pambo la ukutani kwa shemeji.

Chumvini
Mkuu, tafuta fundi mwingine, haya mambo si ya kujifunzia kwenye simu. Fundi mmoja mbaya hafanyi mafundi wote wawe wabaya.

MzeeWaRidhimu
Kijana wangu, kwanza pole. Nimepiga ridhimu kwenye bendi za dansi tangu ukiwa hujazaliwa, na wakati huo ukisubiri fundi wa gita unakosa shoo. Tulijiseti wenyewe. Siyo uchawi, ila ina mpangilio, na ukivuruga mpangilio utazunguka kama ulivyozunguka.

Ndani ya shingo kuna nondo ya chuma, vijana wanaiita trasirodi. Nyuzi zinavuta shingo ikunje kwenda mbele, nondo inairudisha nyuma. Vikilingana, shingo inabaki na kabonde kadogo sana katikati ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Mbao nayo inakunywa unyevu na kuutoa. Tanga bahari ipo mlangoni, Dodoma kiangazi ni vumbi na upepo mkavu. Mbao ikikauka, mara nyingi shingo inanyooka kupita kiasi au inabinuka nyuma kabisa. Hapo uzi unagusa freti za mwanzoni, hizohizo ulizozitaja. Ukipandisha briji unaunyanyua uzi mwisho mmoja, ugonjwa uko mwisho mwingine.

Rafiki yako anakuambia ukaze. Ukikaza, nondo itazidi kuinyoosha. Dalili zako zinaelekea upande wa kulegeza. Lakini dalili si kipimo, kwa hiyo usiguse kitu leo. Pima kwanza, ulete majibu. Nyuzi zako ni za lini, na namba ngapi?

SoloMakole
Shikamoo mzee. Nyuzi ni namba 10, za tangu mwezi wa tatu, zina kutu kidogo. Napimaje?

MzeeWaRidhimu
Marahaba. Funga mpya, namba 10 ileile. Usibadilishe unene sasa hivi; nyuzi nene zinavuta zaidi, utakuwa unatibu magonjwa mawili. Badilisha mmojammoja, maana ukizitoa zote kwa pamoja springi za nyuma zinaizamisha briji. Tyuni vizuri, liache lilale usiku mmoja, tyuni tena.

Kisha shika gita kama unavyolipiga, usililaze mezani. Bana uzi wa sita freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na freti ya 17 kwa mkono wa kulia. Uzi hapo ni rula iliyonyooka. Angalia gepu kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Unataka kama milimita 0.25. Kama huna fila geji, ile ya mafundi pikipiki ya kupimia vali, chukua karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Mbili zipite bila kuunyanyua uzi, tatu ziwe zinagusa.

BintiWaBezi
Mzee, mikono miwili imeshabana, karatasi anaingiza kwa meno? 😂

MzeeWaRidhimu
Aite mtu, binti yangu. Zamani tulikuwa tunamwita mpiga tumba, maana ndiye hakuwa na kazi. (Wapiga tumba mnisamehe.)

SoloMakole
Wakuu, mrejesho. Nyuzi nimefunga juzi. Leo nimemwita mdogo wangu, yuko darasa la sita, nikabana yeye akaingiza karatasi. Haikupita hata moja. Uzi umelala juu ya freti ya sita, ya saba na ya nane kama umegundishwa.

MzeeWaRidhimu
Basi umeshajua. Tafuta alenki ya saizi yake kamili. Nakala nyingi za Asia ni milimita 4 au 5, lakini jaribu kwa mkono, iingie mpaka mwisho na isicheze. Ikicheza hata kidogo itakula tundu, na hapo utaungana na KichwaNgumu. Angalia kutoka upande wa kichwa, zungusha kinyume na saa, robo mzunguko. Robo tu! Tyuni upya, subiri, pima tena. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe, mpelekee mtu.

SoloMakole
Robo ya kwanza: karatasi moja inapita kwa shida. Nikaacha mpaka asubuhi. Nikaongeza nusu ya robo: mbili zinapita, ya tatu inagusa. Zzz ya freti ya kwanza hadi ya nne IMEKWISHA. Nimecheka peke yangu chumbani.

Nyuzi bado ziko juu na freti ya 12 bado inapanda tyuni.

FundiLehemu
Hongera mleta mada. Sasa ndiyo unagusa briji, si kabla. Rula ya chuma juu ya freti ya 12, pima kutoka mgongo wa freti hadi chini ya uzi. Anza na milimita 2 uzi wa sita, ushuke polepole hadi 1.6 hivi uzi wa kwanza. Wewe solo yako iko freti za juu, kwa hiyo jaribu hukohuko, vuta uzi kama unavyovuta kanisani. Ukikwama ukakata sauti, pandisha kidogo. Hizi namba ni pa kuanzia, mkono wako ndio unaamua.

Kupanda tyuni kulitokana na ule urefu: ukibana uzi ulio juu sana unauvuta, sauti inapanda. Ukishusha, nusu ya tatizo itaondoka. Iliyobaki fanya hivi: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kubana, usikie ile sauti ya kengele. Kisha bana freti hiyohiyo. Tyuna ionyeshe kitu kimoja. Sauti ya kubana ikiwa juu, sogeza kile chuma cha briji nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha skrubu, tyuni tena kila mara. Uzi mmoja unaweza kukula dakika kumi, usikate tamaa.

Katangais
Mimi niko Lubumbashi. Huku wapiga mi-solo, lile gita la katikati ya solo na ridhimu, wanaondoa uzi wa nne, wanaweka mwembamba unaolia oktava moja juu. Ukifanya hivyo kipimo cha freti ya 12 cha uzi huo unaanza upya, maana mwembamba hausimami pale aliposimama mnene. Na nafasi yake kwenye nati inakuwa pana, uzi unacheza ndani.

SoloMakole
Umenikumbusha nati, kaka. Uzi wa kwanza wazi bado zzz.

FundiLehemu
Bana uzi huo kati ya freti ya pili na ya tatu, angalia juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa kubaki mwanga mwembamba kama unywele. Ukiona uzi umekaa juu ya freti yenyewe, fundi wako alichonga akapitiliza. Dawa ya muda: saga mfupa wa ng'ombe uliokauka kwa tupa upate vumbi, jaza kile kijinjia cha uzi kwenye nati, dondoshea tone moja la supaglu, acha likauke, kisha chonga upya kidogokidogo. Funika mbao kwa selotepu kwanza. Dawa ya kudumu ni nati mpya ya mfupa. Mwisho paka risasi ya penseli ndani ya vijinjia vyote, uzi uteleze, tyuni itatulia.

Chumvini
Naomba niongeze, maana mwanzo nilikuwa mkali. Ukisugua freti kwa pamba ya chuma, funika pikapu, zile za kudaka sauti chini ya nyuzi, kwa selotepu. Ni sumaku, zitanyonya vumbi lote la chuma. Na ile nati ya chuma ya tundu la jeki, pale unapochomeka waya, ikilegea, usiikaze huku jeki lenyewe linazunguka ndani. Nyaya zinajinyonga zinakatika. Lishike kwanza.

BintiWaBezi
Na gita likinguruma mpaka nishike nyuzi ndiyo linanyamaza?

FundiLehemu
Hiyo ni kawaida kwa pikapu za koili moja, dada. Ya kuogopa ni pale ukishika nyuzi mdomo ukagusa maiki ukapigwa shoti. Hapo usiguse gita tena mpaka fundi umeme aangalie ethi ya jengo na ya amplifaya. Usije ukakata pini ya ethi eti kelele zipungue!

SoloMakole
Wakuu, nimemaliza Ijumaa usiku. Uzi wa sita milimita 1.9, wa kwanza 1.6. Nati nimeziba kwa mfupa, mara ya kwanza nilichonga vibaya nikarudia. Jumapili mwalimu wa kwaya kaniuliza kama nimenunua gita jingine.

Vipimo vyote nimeviandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya begi la gita, na tarehe. Mzee, mvua zikianza Desemba nipime tena?

MzeeWaRidhimu
Pima. Mbao itakunywa maji, bonde linaweza kuongezeka, na safari hiyo huenda ukakaza, robo kama kawaida. Na huyo mdogo wako wa karatasi mfundishe ridhimu, anaonekana ana mkono uliotulia.