Tumekuta tegu kwenye samaki wa ziwani huku Finland, tuendelee kuwala?

Mama_wa_Ujiji

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoishi nchi za baridi na wenye ujuzi wa samaki au afya.

Tupo Kuopio, pembeni ya ziwa Kallavesi. Mume wangu ni wa Ujiji kama mimi, na mtu wa Ujiji ukimwekea ziwa mbele yake hakai ndani. Msimu wa baridi anatoboa barafu, anashusha ndoana, anarudi na kitoweo cha siku kadhaa: ahven wenye mistari mgongoni na mapezi mekundu, hauki yule mrefu mwenye mdomo uliochongoka, na mara mojamoja made, ambaye kwa mbali unaweza kumdhania kambare. Watoto wamewapenda na bajeti yetu inawategemea.

Juzi nikiwa napasua samaki nimekuta mambo yaliyonikosesha raha. Maini ya ahven yana vivimbe vyeupe, ukikitumbua kimoja kinatoka kimnyoo kimejikunja. Utumbo wa hauki ulikuwa na minyoo bapa, myeupe, imeng'ang'ania ukutani. Halafu kwenye mnofu wa hauki huyohuyo, juu karibu na mgongo, nikachomoa kimnyoo cheupe kama maziwa, kikawa kinajinyoosha na kujikunja kwenye kisu. Hicho cha ndani ya nyama ndicho kilichonitisha.

Mume wangu anasema maji ya huku ni baridi mno, hayawezi kuwa na mdudu wa kumdhuru mtu, na kwamba samaki akitupwa juu ya barafu anaganda palepale na kila kitu ndani yake kinakufa. Ni kweli?

Jambo la pili. Kuna bibi jirani, mtu mwema sana kwetu, hutuletea mayai ya made. Yanaliwa mabichi na chumvi, kitunguu na krimu chachu. Watoto hawakuyataka ila sisi wakubwa tumekula. Siku hizi nina uchovu usioisha na ganzi kwenye vidole vya miguu. Nielezeni bila kunificha.

Mwana_Kyela

Dada pole, ila usiogope. Huku kwetu ziwa Nyasa, usipa unaweza kumkuta tumbo limejaa tegu mweupe kama utepe, na wa Mwanza watakwambia wanamwona kwenye dagaa wa ziwa Victoria. Anaitwa ligula. Anamdhoofisha samaki, anamzuia hata kutunga mayai, lakini akiwa mkubwa makazi yake ni tumbo la ndege wala samaki, si la mtu. Tumekula usipa tangu utotoni na tuko salama. Toa matumbo, osha, pika.

Nesi_wa_Tampere

Mwana_Kyela, kuhusu ligula upo sahihi, lakini usimpe dada jibu la usipa kwa swali la hauki. Tegu wa samaki ni wengi na kila mmoja ana njia yake. Mimi ni muuguzi, nipo Tampere mwaka wa kumi sasa, na hili jambo naomba tulielewe vizuri kwa sababu familia zetu nyingi huku zinavua.

Dada, ulichokiona ni aina mbili tofauti, kwa jinsi ulivyoeleza. Vivimbe kwenye ini la ahven na minyoo iliyong'ang'ania utumbo wa hauki vinafanana sana na yule ambaye Wafini humwita haukimato. Anakulia kwenye ini la ahven, hauki akimla ahven anakomaa ndani ya utumbo wa hauki, basi. Hamwingii binadamu. Ini litupe, nyama ya ahven ipike bila wasiwasi.

Yule wa kwenye mnofu, mweupe, asiye na kifuko kigumu, huyo ndiye wa kuheshimiwa. Anaweza kuwa lapamato, tegu mpana wa samaki. Mwulize yule bibi jirani kuhusu neno hilo, kizazi chake kinalijua vizuri. Miaka ya 1940 inakadiriwa Mfini mmoja kati ya watano alikuwa naye tumboni. Safari yake ni hii: mtu mwenye tegu akijisaidia mahali ambapo kinyesi kinafika ziwani, mayai yanaanguliwa majini, kijidudu kinamezwa na viuduvi visivyoonekana vizuri kwa macho, viuduvi vinaliwa na samaki wadogo, wadogo wanaliwa na hauki, ahven, made. Ndani yao anajificha kwenye nyama, pia kwenye ini na mayai, akisubiri mtu ale mbichi. Ndani ya mtu anaweza kufika mita 10 na zaidi, akaishi miaka mingi, huku akimwaga mayai mpaka milioni moja kwa siku. Finland ilimpunguza kwa kutibu watu na kusafisha majitaka kabla hayajaingia ziwani. Amepungua sana, hajaisha.

Kwa hiyo baridi ya ziwa haimzuii. Inachelewesha tu mayai kuanguliwa, kiangazi kikija kazi inaendelea. Na samaki kukakamaa juu ya barafu si sawa na kuganda mpaka kiini. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kwa samaki wa kuliwa mbichi ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya mnofu wote, kwa saa 24 angalau. Wamarekani wanasema siku 7. Friza nyingi za nyumbani zinagotea kwenye nyuzi 18, ndiyo maana mimi huwaambia watu waache wiki nzima. Kwa moto ni rahisi zaidi: kiini cha mnofu kikifika nyuzi 63 tegu amekufa. Kwa mapishi yetu, samaki wa kukaanga akakauka au mchuzi uliochemka vizuri, hapo hakuna la kuogopa.

Hatari ipo kwenye yale mayai ya made. Chumvi kidogo ya kuonja haiui kitu. Vilevile samaki aliyelazwa kwenye chumvi na sukari usiku mmoja tu, na aliyefukizwa moshi wa baridi.

BabaFuraha_Manitoba

Naunga mkono hoja. Mimi ni Mkongomani, niko Canada, nafanya kazi ya kuchuna minofu ya samaki wa maziwa. Huku kuna samaki mweupe, ndugu wa siika wa huko Finland, ambaye nyama yake huwa na vifuko vya manjano vyenye tegu ndani. Huyo naye ni jamaa wa haukimato, mwenyeji wake wa mwisho ni hauki, na mtu hapati madhara. Lakini mnunuzi akiviona anakataa mzigo, kwa hiyo tunapitisha minofu juu ya meza yenye taa chini yake na kukata kila kifuko.

Dada unaweza kufanya hivyo nyumbani: weka mnofu mwembamba juu ya kioo, tochi iwe chini. Ila usiseme "sijaona, basi hayupo". Mnofu mnene wa hauki unaficha. Pika.

Kaka_Mtu

Dada, wewe kanywe prazikwanteli tu, ile ya kichocho. Kila mtu wa ziwani anazo nyumbani. Umalize wasiwasi.

Nesi_wa_Tampere

Kaka_Mtu, hapana, na nasema hivi kwa nia njema. Ni kweli prazikwanteli ndiyo dawa ya tegu huyu, na kipimo chake ni kidogo sana kuliko cha kichocho, mara nyingi dozi moja inatosha. Lakini sisi tuliokulia sehemu zenye nguruwe wanaozurura, kuna watu wana vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo bila kujua. Dawa ikivigusa vifuko hivyo inaweza kuleta degedege. Daktari lazima aulize kwanza mtu ametoka wapi, kama aliwahi kuanguka kifafa, kama ana maumivu ya kichwa ya muda mrefu. Tusigawane vidonge.

Dada, kuhusu uchovu: giza la huku peke yake linachosha watu, na wengi wenye lapamato hawana dalili yoyote mpaka waone kipande chake chooni. Ila tegu huyu anafyonza vitamini B12 kabla mwili haujaipata, na upungufu wake huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Kwa hiyo ganzi yako usiipuuze. Nenda kituo cha afya, waambie wazi kwamba umekula mayai mabichi ya made, uombe kipimo cha choo kutafuta mayai ya tegu, na damu wapime B12. Hata kama tegu hayupo, B12 ikiwa chini inahitaji kutibiwa.

Mama_wa_Ujiji

Mungu awabariki wote. Nimepiga simu, nimepewa kikopo cha sampuli, na damu ni Jumatatu. Bibi nimemuuliza. Aliposikia lapamato alinishika mkono, akasema mama yake mzazi alitibiwa. Yeye huyaweka mayai kwenye friza kwanza, lakini ya mwezi uliopita aliyaleta yakiwa yametoka ziwani siku hiyohiyo. Mume wangu naye nimemwonyesha majibu yenu, kaenda kununua kipimajoto cha friza.

Nina swali la mwisho. Matumbo ya samaki tulikuwa tunampa mbwa wa jirani mwingine. Ni sawa?

Nesi_wa_Tampere

Acheni kuanzia leo, mbwa naye anampata lapamato na kueneza mayai. Yachemsheni kwanza au yafungeni vizuri kwenye takataka, yasirudishwe ziwani. Na mumeo apime pia, maana mlikula sahani moja.

BabaFuraha_Manitoba

Dada, majibu yakitoka Jumatatu yaandike hapahapa. Wapo wengi wanaosoma kimya wenye ndoana na friza kama zako.